Ana mkono, hana kitako

Ukiuliza Lamu kwa nini fulani ni seremala, jibu la kwanza utakalopewa ni babake. La pili, ukiendelea kudadisi, ni babu yake. Nasaba hapa inaeleza karibu kila kitu: nani achonge mlango, nani apande mimbari, nani ashike usukani, nani aachiwe duka. Akitokea mtu anayefanya kazi isiyo ya kwao na akaifanya vizuri, tuna jibu la akiba: amejaliwa. Nasaba na kipaji vikishatajwa, baraza linahamia habari nyingine.

Kinachoachwa nje ni hulka. Ajabu ni kwamba ndiyo tunayoizungumza kutwa. Fulani hatulii. Fulani mpole mno, hawezi kudai hata pesa yake. Bi fulani hapendi watu, harusini hukaa pembeni. Tunayajua haya ya kila jirani, lakini likija swali la nani afanye kazi gani tunayasahau, ilhali kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua zaidi. Kipaji kinaweza kumfikisha mtu kwenye kazi. Kumbakisha humo miaka 20 ni shughuli ya hulka.

Wapenda nasaba hupenda kutaja methali ya mwana wa mhunzi, kwamba asiposana huvukuta. Huitumia kuthibitisha kuwa mtoto hatoki nje ya kazi ya kwao. Lakini methali hiyo imekiri jambo ambalo hawalioni: karakana moja ya mhunzi ina kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Kusana, yaani kufua chuma, kunataka kipimo, na mtu anayekubali kulaumiwa chuma kikiharibika. Kuvukuta, yaani kupulizia moto, kunataka pumzi, na mtu asiyechoka kurudia jambo lilelile huku sifa zikienda kwa mwenzake. Wana wawili wa baba mmoja, yupi ashike nyundo na yupi ashike mivukuto? Methali imenyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakonishughulisha.

Chukua karakana ya nakshi, moja ya zile zilizo vichochoroni nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Fundi ameketi chini, miguu ameinyoosha, ubao wa mvule uko mbele yake. Maua yamekwisha kuchorwa kwa penseli. Mkono mmoja una patasi, wa pili una kipande cha mti cha kugongea, naye anagonga kidogo kidogo akifuata mstari. Akimaliza mzunguko anabadilisha patasi na kuanza kuondoa mbao iliyo baina ya ua na ua, ili ua libaki limeinuka. Hapo ndipo penye kazi, na hapana uzuri wowote wa kumwonyesha mgeni. Ni kuchimba, kupuliza vumbi, kuchimba tena. Mfaa mmoja, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana, unaweza kumkalisha siku nyingi. Patasi ikienda kinyume na nyuzi za mti, jani likabanduka, hakuna kufuta.

Fundi mmoja nilimsikia akimzungumzia mwanafunzi wake wa zamani. "Yule ana mkono," alisema, "hana kitako." Kijana alikuwa akichora ua bila karatasi ya kufuatisha, likatoka limesimama sawasawa. Wenzake walimwonea wivu. Lakini kila akikaa kidogo alikuwa na sababu ya kutoka: maji, swala ambayo haijaadhiniwa, mtu aliyemwona akipita. Mwishowe akatoka moja kwa moja. Leo ndiye anayezunguka kijiji cha Shela kwenye majumba yanayojengwa. Anakaa na wenye nyumba, anawachorea mlango wanaoutaka palepale kwenye kipande cha boksi, wanapatana bei, kisha kazi anaileta karakana ileile aliyoikimbia. Wanaochonga ni wenzake waliobaki, na hodari wao, kwa ushahidi wa fundi mwenyewe, alikuwa na mkono mzito alipoanza.

Kwa hesabu ya kipaji mambo yamekwenda upogo: aliyejaliwa ameondoka, asiyejaliwa amekuwa fundi. Kwa hesabu ya hulka kila mmoja amefika kwake. Tena karakana imenufaika, maana mchongaji yule ukimtuma Shela kupatana bei atarudi amekubali hasara kwa haya tu.

Upande wa wanawake jambo hili liko wazi zaidi, kwa sababu vidole ni vilevile. Kule kijiji cha Matondoni mwanamke anayesuka ukili wa mkeka haangalii mkono. Miyaa inapishana, macho yake yako kwa mwenzake, mdomo uko kwenye harusi ya juzi, na ukili unazidi kurefuka mapajani. Kusuka ni kazi ya kikao. Asiyependa gumzo ataona mkeka hauishi. Kofia ni kinyume chake. Kofia ya kushona kwa mkono ina matundu madogo mamia kwa mamia, kila tundu limetobolewa na kuzungushiwa uzi, na maua yake yanakwenda kwa hesabu. Ukiitika salamu ndefu, hesabu imepotea. Wanaume nao huzishona, na nzuri huchukua miezi. Msuka ukili na mshona kofia wote wana vidole vyepesi na jicho la mpangilio. Ungewapima kipaji wangetoka sawa. Wabadilishe kazi, kila mmoja atakuambia ya mwenzake inamuua.

Wanasaikolojia wamelichimba swali hili kwa muda mrefu. Anayetajwa zaidi ni Mmarekani John Holland, aliyekuwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akiwahoji askari wapya. Aliona kuwa ukiwasikiliza watu wakieleza kazi walizozifanya na walizozipenda, wanajipanga wenyewe katika makundi machache. Mwaka 1959 alichapisha nadharia yake, na makundi yanayojulikana leo ni sita: watu wa vifaa na vitendo, wa uchunguzi, wa sanaa, wa kuhudumia wenzao, wa kushawishi na kuongoza, na wa taratibu na kumbukumbu. Hoja yake ni kwamba mtu huelekea mazingira yanayolingana na hulka yake, na akiyapata huridhika na kudumu.

Hilo nalikubali. Ninapoachana na wafuasi wake ni pale makundi hayo yanapobandikwa juu ya majina ya kazi, seremala akatiwa kwenye vifaa, mwalimu kwenye huduma, karani kwenye taratibu, halafu kijana anaambiwa achague jina. Karakana niliyoieleza ina watu wa makundi yasiyofanana chini ya jina moja la useremala. Jina la kazi linaficha shughuli nyingi, na hulka huchagua shughuli. Jina hulka hailijali sana.

Kuna na wale wanaosema haya yote ni bidii. Hawa walipata nguvu mwaka 1993, Anders Ericsson na wenzake walipochapisha utafiti wao juu ya wapiga fidla wa Berlin, wakaonyesha kuwa waliobobea ndio waliokuwa wamerundika saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao. Ikaenea duniani kwamba kipaji ni hadithi. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenziwe wakakusanya tafiti 88 na kupiga hesabu upya. Mazoezi yalieleza asilimia 26 ya tofauti baina ya watu katika michezo ya ubao na kadhalika, 21 katika muziki, 18 katika riadha na michezo ya mwili, 4 katika masomo, na chini ya 1 katika kazi za taaluma. Upande wa pili nao ukashangilia, kipaji kimerudi kitini.

Mimi sioni sababu ya kushangilia kokote. Asilimia zilizobaki hazijaandikwa jina la kipaji. Na hata zile 21 za muziki, jiulize ni nani huyo anayekubali kufungiwa chumbani na fidla kwa muda wa saa nne kila siku akiwa na miaka 12. Kitako chenyewe kimetoka wapi? Tafiti za mapacha zimeonyesha tena na tena kwamba karibu nusu ya tofauti za hulka baina ya watu, asilimia 40 hadi 50, inatokana na urithi wa damu. Anayesema "ni bidii tu" ameitaja hulka bila kujua.

Maelezo yanayonitosheleza zaidi ni ya mwaka 1983, ya Sandra Scarr na Kathleen McCartney. Walisema urithi na malezi hukutana kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya mtoto kupewa vyote viwili na watu walewale: mtoto wa nahodha ana damu ya nahodha na pia amelala mchana chini ya tanga tangu hajui kusema, nani ataweza kuvitenganisha? Hii ndiyo nasaba yetu, na haina ubaya. Ya pili ni ya watu kuiitikia hulka ya mtoto. Mcheshi huitwa, hutumwa, huwekwa mstari wa mbele kwenye matari siku za Maulidi. Mwenye haya huachwa, naye katika kuachwa huko anajifunza mambo yanayofanyika peke yake. Ya tatu ni ya mtu mwenyewe kutafuta pahali panapomfaa, na hii huzidi nguvu kadiri anavyokua.

Kwa njia ya tatu naweza kuwaeleza ndugu wawili wa nyumba moja ya mtaa wa Langoni, waliosoma chuo kimoja cha Kurani kwa maalim mmoja. Mmoja siku ya mashindano ya mashua yuko kwenye ule ubao unaotokeza nje upande wa joshi, unakotoka upepo, mwili mzima juu ya maji, anasogea nje upepo ukizidi na kurudi ndani ukipungua, na wakikaribia kupitwa ndiye wa kwanza kupiga kelele mifuko ya farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, itupwe baharini. Wa pili anatengeneza simu. Ukimwita kwenye mashua atakuja, atakaa kwenye kamba na atafanya alichoambiwa, lakini raha haipo. Nguvu za mwili wanalingana.

Najua atakayesema: na Kijuma je? Muhamadi Kijuma, mwana wa Lamu aliyefariki 1945, alichonga milango, aliandika hati za kupendeza, alitunga mashairi, alitengeneza ala za muziki na kuzipiga, na aliwanakilia wataalamu wa Ulaya maandishi ya kale ya Kiswahili, baadhi yake yako London hadi leo. Mtu wa namna hii, yasemekana, anavunja hoja yangu, maana vipaji vyake vilimpeleka kila upande. Naona kinyume. Angalia shughuli zenyewe. Nyingi ni za mtu mmoja na kitu kilicho mbele yake, mkono ukipita juu ya uso wa mti au karatasi, na mwishoni yupo mtu mwingine anayesubiri kazi imalizike, awe mwenye nyumba, mwenye harusi au mtaalamu mgeni. Vipaji vilikuwa vingi, hulka ilikuwa moja: kazi ya mkono yenye mpangilio, iliyoagizwa, inayoonekana. Hatukuambiwa kuwa alikuwa mfanyabiashara mkubwa, wala nahodha.

Kupuuza hulka kuna gharama, na gharama hiyo Lamu tumeiona kwa wavuvi. Mpango wa bandari mpya ya Lamu ulipokuja, wakazi wakiwemo wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua watu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mazungumzo yaliyofuata yakaleta mpango wa kulipa sehemu kwa fedha na sehemu kwa vifaa na miradi ya uvuvi. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katika yote hayo wimbo ulikuwa mmoja: mvuvi aache maji madogo, aende bahari kuu, atawezeshwa kwa mashua kubwa, mashine na vyombo vya kuonyesha njia.

Wimbo huo umechukulia kwamba mvuvi ni mvuvi. Hebu tuwatazame. Wa madema huenda na maji yakipwa, peke yake au na mwanawe, anazamisha mtego penye mwamba anaoujua yeye, anarudi nyumbani, na kesho anakwenda kuutazama. Kazi yake ni kumbukumbu na subira, na siri pia, maana mwamba ukijulikana si wako tena. Wa mshipi hukesha, kidole kikiwa kwenye uzi, akisubiri mguso. Wa jarife, ule wavu mkubwa, huhitaji wenzake na hugawana nao mafungu. Asiyeweza kuvumilia ugomvi wa mafungu hadumu kwenye jarife. Mpiga mbizi wa kambakoche, kule Kizingitini na Kiwayu, anashusha pumzi, anaingiza mkono kwenye pango asiloliona mwisho wake, na akitoka anacheka. Watu wanne, hulka nne, jina moja kwenye fomu ya fidia.

Bahari kuu ni shughuli ya tano. Ni siku kadhaa mbali na nyumbani, chombo kimoja watu wengi, amri ni ya mmoja, na mashine inanguruma usiku kucha. Mpiga mbizi pengine ataipenda. Wa madema, aliyezoea kuwa bwana wa nafsi yake na kulala kwake, utamwona anauza mashine aliyopewa. Halafu mkutanoni atasimama bwana mmoja mwenye shati safi aseme watu wa Lamu hawataki maendeleo. Mzee yule wa madema angefaa kuulizwa mambo mengine: kufuga samaki, kupanda mikoko, kulinda maeneo ya mazalia, kazi za kurudi kila siku mahali palepale na kukumbuka jana palikuwaje.

Sidai kwamba kila mtu Lamu ana uhuru wa kuifuata hulka yake. Njaa haiulizi hulka. Wako wanaopakia mawe ya matumbawe juu ya punda kutoka alfajiri kwa sababu ndiyo kazi iliyopatikana, na kuwaandikia hawa habari za makundi sita ya Holland ni dhihaka. Ila hata hapo hulka haifi. Wachukuzi wawili wa njia moja: mmoja anazungumza na punda wake na anajua kila kidonda, mwingine anajua kila mwenye duka na kila anayejenga. Wa kwanza ndiye anayepelekewa punda wagonjwa na jirani zake. Wa pili, akipata nafasi ndogo tu, atakuwa dalali wa mchanga na saruji. Bosi wao hajui kama ana watu wawili tofauti.

Sasa habari hii imefika shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 tuliulaumu kwa kupima kumbukumbu. Mtaala wa umilisi ulipoletwa tukaambiwa sasa vipaji vitatambuliwa, na watoto wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wao wa gredi ya 9 mwishoni mwa 2025 ili waingie sekondari pevu. Huko kuna mikondo mitatu: wa kwanza ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, wa pili ni wa sayansi ya jamii, na wa tatu ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Mtoto huchagua, kisha alama zinapima uchaguzi wake, asilimia 60 kutoka mtihani huo, 20 kutoka ule wa gredi ya 6 na 20 kutoka tathmini za shuleni.

Ni hatua, sikatai. Lakini kinachopimwa bado ni mkono. Kitako hakina alama. Mtoto aliyepata alama za juu za sayansi ataelekezwa kwenye mkondo wa kwanza, na hakuna aliyemwuliza kama anapenda kukaa na tatizo moja wiki nzima au anapenda matatizo kumi kwa siku moja. Hao wawili wote wana nafasi kwenye sayansi, mmoja maabara na mwingine chumba cha dharura cha hospitali, na ukiwageuza utapata watu wawili wanaochukia kazi. Mkondo ni mpana mno kuonyesha tofauti hiyo.

Wala sitaki hulka nayo itungiwe mtihani. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wadogo waliopenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti wakichora. Wiki chache baadaye, vyeti vimekwisha, walioahidiwa walikuwa wanachora kidogo kuliko wasioahidiwa kitu. Mtoto wa Siyu anayechezea vipande vya ngozi kwa raha zake, ukianza kumpa alama za vipande hivyo kila muhula, unaweza kuiua ile raha iliyomfanya avichezee. Ninachotaka ni kidogo zaidi: mwalimu wa darasa, ambaye yuko na mtoto huyo mwaka mzima, aandike mistari michache kwa lugha ya kawaida. Mtoto huyu akiachwa bila kazi hufanya nini. Akishindwa hukasirika, hucheka au hurudia. Hukaa katikati ya wenzake au pembeni. Mzazi akiyasoma hayo pamoja na alama, mazungumzo ya nyumbani yatakuwa mengine.

Yatakuwa magumu zaidi kwa wasichana, na hapa sina jibu la haraka. Yule ndugu wa kwenye ubao wa mashua ana dada. Hulka ni ileile, ya kutafuta upepo mkali, ya kutaka kushinda mbele za watu. Kwenye mashua hapandishwi. Akiwa na kipaji cha kushona atashona, na watu watamsifu, na atakuwa mshonaji mwenye hasira asiyejua hasira yake ni ya nini. Zamani wanawake wa pwani wa namna hii walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ngoma ya wanawake, vikishindana kwa mavazi, kwa nyimbo za kupigana vijembe na kwa ukubwa wa karamu, mpaka waume wakalalamika. Wanaume wengi waliviona ni upuuzi wa kike. Nadhani vilikuwa mashindano ya mashua ya watu wasioruhusiwa kupanda mashua, na mwenyekiti wa chama cha lelemama alikuwa nahodha kamili: alipanga watu, alikusanya fedha, alichagua siku, alijua lini kumtupia mpinzani neno.

Lelemama imepungua. Wajukuu wa wanawake wale wanauza mabuibui, udi na viatu kwa simu, wanatangaza bei usiku, wanashushiana bei asubuhi, wanajua mashua ya mzigo inaondoka Mokowe saa ngapi na nani yumo. Wengine wana wateja hadi Mpeketoni na Garissa ambao hawajawahi kuwaona, na ukiuliza nyumbani kwao wanafanya kazi gani, wazazi wao watakujibu kwamba msichana huyu hana kazi, yuko tu.